Baiskeli ya kwenda kazini ikisumbua: soma dalili kabla ya kushika spana

Wengi walioacha kwenda kazini kwa baiskeli hawakuacha kwa uvivu. Ukiwauliza watakutajia pancha tatu ndani ya wiki mbili, goti lililoanza kuuma taratibu, breki inayopiga kelele hadi watu wanageuka, au ile asubuhi lori lilipowapita kwa upana wa kiganja. Malalamiko ni yale yale, na karibu yote yana chanzo kidogo kinachoonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Naamini baiskeli ni chombo bora cha kwenda kazini mjini, na inaniuma kuona mtu anaiuza kwa sababu ya kipande cha waya kisichozidi punje ya mchele.

Kila dalili hapa chini nimeipangia sababu kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra. Fuata mpangilio huo. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kununua gurudumu jipya wakati kilicholegea ni nati. Na ukikuta neno SIMAMA, usipande tena mpaka fundi, au daktari, aone.

## Tairi linaishiwa upepo

Hili ndilo tatizo namba moja, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza tofautisha upepo unaopungua na upepo unaovuja. Tyubu ya mpira hupitisha hewa kidogo kidogo hata ikiwa mpya na nzima. Tairi jembamba hutaka kujazwa kila wiki. Tairi nene la mjini linaweza kwenda wiki mbili au tatu. Lakini kama jana jioni lilikuwa gumu na leo asubuhi limelala, hapo pana tundu au valvu inavuja.

Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa psi au bar, na mara nyingi hutajwa kiwango cha chini na cha juu. Tairi lenye upana wa milimita 40 hivi huwa sawa kati ya psi 45 na 60 kwa mtu wa uzito wa kawaida. La nyuma liongezee kidogo, maana ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wako na mzigo wa keria. Usitegemee kidole gumba. Psi 35 na psi 50 kwa kidole karibu zinafanana, ila shimo la barabarani litazitofautisha mara moja. Ukiniuliza kifaa cha kwanza cha kununua, ni pampu yenye mita, kabla ya spana yoyote.

Upepo ukiwa unavuja kweli:

1. Valvu. Tia tone la maji au mate kwenye mdomo wake. Povu likitokea, tatizo ni hapo. Valvu nene kama ya gari ina kiini ndani, nacho hukazwa kwa kifaa kidogo. Valvu nyembamba yenye kinati kichwani hutaka kinati hicho kilegezwe kabla ya kujaza na kukazwa baada ya kujaza. Wengi husahau hatua ya mwisho. Zile za zamani zenye kipira chembamba kilichovaa kiini, kagua kipira. Kikichanika badilisha hicho tu, tyubu yako ni nzima.

2. Kitu kimechoma. Kuziba tundu bila kukitafuta kilichotoboa ni kazi bure. Kuna wiki nilibadilisha tyubu tatu za gurudumu la nyuma. Kila mara nilipapasa ndani ya tairi, sikukuta kitu, nikafunga, na kesho yake kabla ya kufika kazini nikasikia rimu ikisaga lami. Mara ya nne nilichukua kipande cha pamba nikakipitisha taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Pamba ikanasa. Palikuwa na waya mwembamba kuliko sindano, umetokeza kwa ndani chini ya milimita mbili, na ulikuwa umelala kwa mshazari kiasi kwamba kidole kiliteleza juu yake. Nyaya za namna hii hutoka kwenye matairi ya magari. Ndani yana mkanda wa nyuzi za chuma, na yakipasuka nyuzi hizo hufagiliwa na upepo wa magari hadi ukingoni, palepale baiskeli inapopita. Niliung'oa kwa koleo, na pancha zikaisha siku hiyo.

   Njia ya kurahisisha utafutaji: ukifunga tairi, weka maandishi yake makubwa yakielekeana na valvu. Siku ukipata tundu kwenye tyubu, pima umbali wake kutoka kwenye valvu, halafu tazama umbali huo huo kwenye tairi, kushoto na kulia.

3. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Hakuna kilichochoma. Uligonga shimo au ukingo wa lami upepo ukiwa mdogo, rimu ikaibana tyubu. Dawa ni kiraka na pampu.

4. Tundu upande wa ndani wa tyubu, ule unaotazama rimu. Utepe unaofunika vichwa vya spoki umehama au umekatika. Weka utepe mpya wenye upana unaojaza rimu; kiraka peke yake hakitamaliza wiki.

5. Mpasuko kwenye shina la valvu. Hapo kiraka hakishiki, tafuta tyubu nyingine. Ukiona valvu imesimama mshazari, ujue tairi lenye upepo kidogo limekuwa likiteleza kwenye rimu na kuivuta. Toa upepo, inyooshe, jaza upya kabla haijachanika.

Viraka vingi hubanduka kwa haraka ya mtu, gundi haina kosa. Kwaruza mpira mpaka ung'avu uondoke, paka gundi eneo kubwa kuliko kiraka, kisha subiri dakika tano au zaidi mpaka ikauke na isinate kidoleni. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Ukibandika gundi ikiwa mbichi umefunga mvuke ndani.

Neno moja kuhusu saizi, maana hapa watu hupoteza pesa na muda. Kuna zaidi ya tairi moja linaloitwa "inchi 26", na haziingiliani. Tazama namba mbili zenye kistari ubavuni, mfano 37-622 au 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa milimita. 559 na 590 zote huuzwa kwa jina la inchi 26. Nenda dukani na namba hiyo, achana na jina.

SIMAMA ukiona tairi limetoa uvimbe, nyuzi zake za ndani zinaonekana, au ubavu umechanika hadi tyubu inachungulia. Likipasuka kwenye mteremko, hasa la mbele, usukani hutaumudu. Badilisha tairi.

## Breki hazikamati

Kama ni mvua, huenda breki zako ni nzima. Breki za raba kwenye rimu iliyoloa huchelewa sana kushika, hasa rimu za chuma, kwa sababu lazima kwanza raba ifute maji. Gusa breki mapema, mita nyingi kabla ya pale unapotaka kusimama, halafu ukamate.

Kukiwa kukavu, anza na waya. Vuta mkono wa breki hadi mwisho. Ukigusa usukani, waya umelegea au raba zimelika. Pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki huwa kuna skrubu ya duara inayozungushwa kwa vidole: izungushe ikitoka nje hadi breki ikamate mkono ukiwa katikati ya safari yake. Ikifika mwisho bila mafanikio, angalia raba. Nyingi zina mifereji. Mifereji ikifutika, raba imekwisha. Zibadilishe kwa jozi, na hakikisha zinagusa rimu tu. Raba inayopanda juu na kugusa ubavu wa tairi italikata ndani ya siku chache.

Breki ikikamata vizuri lakini ikipiga kelele, safisha rimu kwa kitambaa na spiriti, kwangua uso wa raba kwa msasa, na chomoa vijichembe vya chuma vilivyojichimbia ndani yake. Kelele ikibaki, elekeza ncha ya mbele ya raba iguse rimu kwanza, kwa tofauti ya milimita moja hivi.

Breki za diski zina mambo yake. Sababu kubwa ya diski kulia na kushindwa kushika ni mafuta. Mtu ananyunyizia mnyororo, tone linaruka kwenye diski, basi. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi zilizokwisha kunywa mafuta kwa kawaida hazirudi, nunua nyingine. Pedi mpya nazo hazikamati vizuri siku ya kwanza: tafuta mahali tulivu, endesha kwa mwendo wa wastani, kamata hadi karibu usimame, rudia mara kumi hadi ishirini. Usiiguse diski baada ya mteremko, inaunguza. Na kama ni za mafuta, ukitoa gurudumu usibonyeze breki; ingiza kadi ngumu kati ya pedi ili mikono ya watu isikuletee kazi.

SIMAMA ikiwa nyuzi za waya wa breki zimeanza kukatika, hata moja. Mkono wa breki ya mafuta ukizama kama unabonyeza sifongo. Au kuna unyevu kwenye bomba lake. Usijazie mafuta uliyoyapata tu. Kuna mfumo unaotumia mafuta ya madini na unaotumia mafuta ya aina ya DOT, na ukikosea, mipira ya ndani huharibika. Kazi hiyo ni ya fundi.

## Mnyororo unatoka, unaruka au unakwama

Kwenye baiskeli isiyo na gia, mnyororo unaotoka karibu siku zote umelegea. Ubonyeze katikati kwa kidole: ucheze sentimita moja hadi moja na nusu. Ukizidi hapo, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma, hakikisha limekaa katikati ya fremu, kaza pande zote mbili kwa zamu. Zungusha pedali mzunguko mzima ukiangalia, maana mnyororo unaweza kukaza mahali fulani na kulegea kwingine. Ukirudi kulegea kila wiki, nati hazikazwi vya kutosha na gurudumu linavutwa mbele kila unapokanyaga.

Kwenye baiskeli ya gia, mnyororo unaorukaruka wenyewe kati ya gia mbili ni waya wa gia uliotanuka. Zungusha kirekebishi cha waya (skrubu ya duara kama ile ya breki) nusu mzunguko, jaribu, halafu nusu nyingine. Usiguse skrubu mbili ndogo za kikomo, zile zinazouzuia mnyororo usivuke gia ya mwisho; zikilegezwa ovyo mnyororo unaweza kuangukia kwenye spoki.

Ukiruka pale unapokanyaga kwa nguvu tu, mfano taa zinapokuwa kijani au kwenye kilima, huo ni uchakavu. Pima kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye mnyororo mpya, inchi 12 itaangukia katikati kabisa ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita alama kwa milimita moja na nusu, badilisha mnyororo. Ikiwa imepita kwa tatu, meno ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba mnyororo) pia yameliwa na mnyororo mpya utaruka juu yake. Mnyororo unaobadilishwa mapema huokoa sproketi, na sproketi ndiyo ghali.

Kuhusu mafuta: dawa ya kunyunyizia ya kulegeza kutu si mafuta ya mnyororo. Huosha yaliyokuwepo, na baada ya siku chache mnyororo unalia. Tia tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha, acha dakika chache, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje uwe karibu mkavu. Mafuta hufanya kazi ndani ya viungo. Yaliyobaki nje hukusanya mchanga, na mchanga wenye mafuta husaga chuma kama msasa. Suruali yako pia itashukuru.

SIMAMA kama baada ya baiskeli kuanguka upande wa gia, mkono unaohamisha mnyororo nyuma umepinda kuelekea kwenye spoki. Ukiweka gia nyepesi zaidi utaingia kwenye gurudumu linalozunguka, na hapo utapoteza spoki, gia na pengine meno yako. Fundi ana kifaa cha kunyooshea sikio, yaani kile kipande cha chuma kinachoushika mkono huo kwenye fremu.

## Kuna kelele na sijui inatoka wapi

Kelele husafiri ndani ya fremu. Inaweza kuwa kwenye kiti ukadhani ni pedali. Usifungue kitu, endesha na uliza maswali.

Acha kukanyaga lakini endelea kuserereka. Kelele ikiendelea, iko kwenye magurudumu, breki au mzigo. Ikikoma, iko kwenye pedali, mikono yake, mnyororo au ekseli ya katikati. Sasa kanyaga ukiwa umesimama juu ya pedali. Ikipotea, tatizo ni kiti au nguzo yake: toa nguzo, futa, paka grisi, rudisha. (Nguzo ya kaboni haipakwi grisi, ina uji wake maalumu.) Mwisho hesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa pedali ni pedali au mkono wake. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni spoki, tairi au kitu kilichonasa.

Nimeona watu wakibadilisha beringi za katikati na mlio ukabaki, kwa sababu ulikuwa uzi wa pedali uliokosa grisi. Kabla ya gharama hiyo toa pedali zote mbili, paka grisi, rudisha. Kumbuka pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha kama mishale ya saa.

Mkono wa pedali ukicheza ukiusukuma kuelekea kwenye fremu na kuuvuta, kaza boli yake leo hii. Ukiendesha hivyo siku mbili, tundu lake la pembe nne huliwa na mkono hautashika tena.

SIMAMA ukiona mstari mwembamba kwenye rangi karibu na viungo vya fremu, kwenye uma wa mbele, au chini ya usukani. Pitisha ukucha. Ukinasa, chukulia ni ufa. Fremu ya chuma fundi mzuri anaweza kuichomelea. Ya alumini kuichomelea tu hakurudishi nguvu yake.

## Gurudumu linayumba, usukani unacheza

Pindua baiskeli, zungusha gurudumu, tazama pengo kati ya rimu na breki. Likiyumba, bana spoki mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote. Iliyolegea au kukatika utaijua. Spoki za nyuma upande wa mnyororo ndizo hukatika zaidi, kwa kuwa hubeba mvuto mkubwa. Spoki moja ikikatika unaweza kujikokota nyumbani bila mzigo. Usiache wiki ipite, maana jirani zake hubeba kazi yake na hufuata. Kunyoosha rimu kunahitaji mkono wenye uzoefu. Robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, au mwachie fundi.

Kwa usukani, kamata breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma huku vidole viko pale uma unapoingia kwenye fremu. Ukisikia "tak, tak", beringi zimelegea. Usiende nayo hivyo mwezi mzima, gololi huchimba vishimo, na usukani utakuwa unakwama ukiwa umenyooka.

## Mwili unauma

Fundi huwa haulizwi haya, na daktari mara nyingi haoni baiskeli. Kwa hiyo mtu huteseka katikati.

Goti kwa mbele. Kiti kiko chini mno, au unasukuma gia nzito. Kaa kitini ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukihamisha mguu na kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Pandisha milimita tano kwa siku. Usiruke sentimita tatu kwa mara moja. Gia nayo: mjini unasimama na kuondoka mara nyingi, hivyo shusha gia kabla ya kusimama.

Goti kwa nyuma, au nyonga zinazoyumba. Kiti kiko juu mno. Shusha.

Vidole vya mkono vinakufa ganzi. Uzito umeegemea usukani. Kagua kwanza kama pua ya kiti imeinama chini, kwa sababu inakuserereshea mbele na mikono ndiyo inayokuzuia. Kiti kiwe sawa kama meza. Kisha hakikisha kifundo cha mkono hakijapinda ukishika breki. Zungusha mikono ya breki hadi kiganja kiendeleze mstari wa mkono.

Msamba unakufa ganzi. Usivumilie hili kwa aibu. Kiti chembamba kuliko mifupa yako ya kukalia hubana neva na mishipa, na sponji nene huzidisha kwa sababu mifupa huzama na katikati hupanda. Jaribu kiti kipana zaidi, kigumu kiasi, chenye mfereji katikati. Inuka kitini kidogo kila baada ya dakika chache.

SIMAMA, muone daktari: ganzi isiyoisha saa kadhaa baada ya kushuka, goti lililovimba au kujifunga, na maumivu ya kifua, pumzi kukata au kizunguzungu wakati wa kuendesha. Hayo ya mwisho usisubiri kufika kazini.

## Nafika nimelowa jasho

Mara nyingi ni kasi, joto hufuata nyuma. Watu huondoka wamechelewa dakika tano kisha hulipia kwa shati. Ondoka mapema, na dakika kumi za mwisho endesha kwa nguvu ya mtu anayetembea, upepo ukupoze kabla hujaingia ndani ambako hakuna upepo. Pili ni begi la mgongoni. Lihamishie kwenye keria na mgongo utakauka. Tatu ni nguo. Vaa nyepesi njiani, badilisha ukifika, na ufikapo subiri dakika chache kabla ya kuvaa shati safi, la sivyo utalitolea jasho lile lile.

## Magari yananipita karibu mno

Hili si tatizo la spana, ila ndilo linaloondoa watu barabarani kuliko pancha zote. Sitasema kosa ni la mwendesha baiskeli. Dereva ndiye aliyebeba chuma, na barabara nyingi zimechorwa kana kwamba hatupo. Bado kuna sababu chache zilizo mikononi mwako.

Ya kwanza ni kujibana ukingoni. Ukishikilia ukingo, dereva anaona nafasi ya kupita ndani ya njia ile ile, na wewe huna pa kukwepea shimo. Kaa angalau nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni. Njia ikiwa nyembamba mno gari na baiskeli kupishana salama, shika katikati kwa muda, ukitazama nyuma kwanza na kuonyesha mkono.

Ya pili ni milango. Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha mita moja na zaidi. Mlango hufunguka kwa sekunde moja, na hakuna breki itakayokuokoa.

Ya tatu ni malori na mabasi, na hapa nakuomba kwa moyo wote. Usiingie kamwe kati ya lori na ukingo wa barabara kwenye makutano, hata kama limesimama, hata kama nafasi ni pana. Likikata kona, sehemu ya nyuma hubana kuelekea ndani, na dereva hakuoni. Subiri nyuma yake, mahali unapoona vioo vyake.

Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Taa ikizimika kwenye matuta, kwa kawaida ni mguso wa betri: futa kutu kwa msasa laini, nyoosha springi. Kagua pia kama koti au mzigo unaifunika ya nyuma. Vibamba vinavyoakisi mwanga vikiwa kwenye vifundo vya miguu huonekana haraka kuliko vya mgongoni, kwa sababu vinapanda na kushuka.

Reli na vifuniko vya chuma vikiwa vimeloa, vuka ukiwa umenyooka, karibu kwa pembe mraba, bila breki na bila kukata kona juu yake.

## Nimeanguka, je, naweza kuendelea?

Toka barabarani kwanza. Jichunguze wewe kabla ya baiskeli, maana mwili ukiwa na mshtuko huficha maumivu kwa dakika kadhaa. SIMAMA kama uligonga kichwa na unasikia kichefuchefu, ukungu machoni au hukumbuki ulivyoanguka: hospitali, na usiende peke yako. Kofia ngumu iliyopokea pigo imekwisha kazi yake hata kama haina ufa unaoonekana. Sponji yake imeshabonyea ndani.

Kisha baiskeli. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, tazama kama usukani umenyooka nalo. Zungusha magurudumu yote mawili. Kamata breki zote mbili kwa nguvu. Tazama uma wa mbele kwa ubavu, uone kama umerudi nyuma kuelekea kwenye fremu. Tazama mkono wa gia na zile spoki. Kama hata kimoja kati ya hivyo kinakutia shaka, ifunge palepale kwenye nguzo imara, kufuli likipita kwenye fremu na gurudumu la nyuma, uende kazini kwa basi. Jioni utaifuata na fundi.